Niliizamisha pampu yangu ya pumu kwenye beseni la maji nione kama dawa bado ipo. Ziwa Mweru likanipa jibu

Wakuu, hodi humu ndani. Bamama na wababa wote, nawasalimu.

Miye siku zote nasomaga tu na kupita. Leo nimeamua kuandika. Ni ukweli mutupu, sijaongeza chumvi, na chumvi ninayo gunia zima nyumbani maana kazi yangu ni samaki.

Kiswahili changu mutakivumilia. Ni mutu wa Pweto, Congo. Tulivuka na mutoto wangu Deborah, tukafikia kambi ya wakimbizi ya Mantapala, na sasa ni miaka napanga chumba Kashikishi, hapa hapa Nchelenge upande wa Zambia. Mukiona "mutu" na "mutoto", simu yangu haijaharibika. Ndivyo tunavyosema.

Bon, tuingie.

Nina pumu. Asthma.

Ilinianza ukubwani. Kifua kinabana, usiku nakohoa, nikipumua kinalia ndani kama kifaranga kimepotea mama yake. Nilifikiri ni moshi wa samaki tu, utapita. Haukupita.

Kliniki wakanipa pampu mbili za kupuliza mudomoni, wengine humu munaita inhaler. Ya buluu ni ya kufungua kifua kikibana. Ya kahawia ni ya kila siku, asubuhi na jioni, hata kama unajisikia muzima kabisa.

Ile ya kahawia niliifunga kwenye sanduku chini ya vitenge. Nilijiambia, dawa gani hii ya kuvuta mutu asiyeumwa? Nikabaki na ya buluu, maana ile ukivuta, kidogo tu unasikia mulango umefunguka. Nikaona hiyo njo dawa yenyewe.

Sasa niwaeleze pale tunapofanyia kazi, ndipo mutaelewa ujinga wangu ulitoka wapi.

Tuko wanawake sita kwenye matanuru ya udongo, karibu na mahali boti zinashukia. Unapanga samaki juu ya waya, moto chini, na moshi unafanya kazi yake. Pale hakuna cha mutu mumoja. Kisu cha huyu ni cha wote. Chumvi, beseni, kuni, kitenge cha kufunga muzigo, hata mutoto mugongoni, ukichoka mwenzako anamubeba. Ukinyima kitu pale, jina lako limeisha. Wabemba wanaita mutu wa hivyo umutani, muchoyo. Na umutani hapewi nafasi kwenye tanuru. Samaki wake wataozea kwenye beseni watu wakimuangalia.

Kwa hiyo pampu yangu nayo ikaingia kwenye chumvi na visu.

Aliyeanza ni Yaya Felista. Yaya kwetu ni dada mukubwa, na huyu ni mukubwa wetu pale, mwanamuke wa miaka hamsini na kitu, sauti yake inasikika mpaka katikati ya ziwa, na kukohoa kwake vilevile. Siku moja akanyoosha mukono: "Leta ile kitu yako kidogo, nivute. Hii moshi ya leo iko mubaya."

Nikampa. Akavuta, akatulia, akasema, "Ee! Bazungu bana akili!"

Kuanzia hapo, wee! Kila mutu kifua kikimukereketa, "Mama Deborah, leta pampu." Mwingine alikuwa na mafua tu. Mwingine, nawaapia, alikuwa amekula pilipili.

Na mimi nilijisikia vizuri, siwadanganyi. Mukimbizi mimi, mugeni, leo wote wananihitaji. Nilikuwa naitoa kwa madaha.

Shida ni kwamba pampu yenyewe haikuwa na namba ya kuonyesha imebaki dawa kiasi gani. Ni kichupa cha chuma tu, ukikitikisa kinalia chaka chaka, ukikibonyeza kinatoa upepo.

Nikamuuliza Muzee Ilunga, mwenye boti tunayosafiria. Amezeeka juu ya maji yule, na hajawahi kukosa jibu la swali lolote. Akacheka.

"Mama, hii nayo ni ya kuuliza? Tia mu mayi. Ikielea, imeisha. Ikizama, iko na dawa ndani. Haujaona boya ya wavu?"

Wakuu, sisi watu wa ziwa, ukitupa hoja ya kuelea na kuzama umetumaliza. Nani atabisha? Maisha yetu yote ni hiyo. Boya linaelea, jiwe linazama, boti yenye muzigo inakaa chini, tupu inakaa juu. Nikaona hapa muzee amesema kitu.

Jioni nikatoa kichupa, nikakitia kwenye beseni. Kikazama tii mpaka chini.

Nikafurahi! Nikakipangusa na kitenge, nikalala usingizi wa mutu tajiri.

Kesho yake alfajiri tukaenda kisiwa cha Kilwa kuchukua samaki. Ndugu wa Tanzania musishtuke, si Kilwa yenu, na sisi tunayo yetu. Kwenda kulikuwa kuzuri. Kurudi ndiyo kukawa na maneno.

Ilikuwa saa nne asubuhi hivi, jua limeshapanda. Kiangazi, na huku kiangazi watu wanachoma majani kila upande, moshi unakuja kulala juu ya maji. Mashine ya boti nayo siku hiyo ilikuwa inatema moshi wa mafuta, na mimi nilikaa nyuma karibu nayo, juu ya mifuko yangu, nichunge mali. Akili ya mali hiyo.

Kifua kikaanza kubana. Sikujali. Nikatoa pampu, nikatikisa, nikavuta.

Upepo mutupu.

Nikavuta tena. Ile ladha chungu ya dawa haipo. Nikavuta mara ya tatu, ya nne. Inatoa pfff, lakini kifua ndiyo kwanza kinajifunga.

Nchi kavu naiona. Iko kule, nyembamba kama uzi, na boti imejaa inatembea polepole. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku tuliyokimbia nyumbani sikuogopa hivyo, maana siku ile nilikuwa na miguu ya kukimbilia. Adui akikukosesha hewa ndani ya mwili wako mwenyewe, unamukimbia uende wapi?

Nilitaka kumwambia Muzee azime mashine, nikashindwa kumaliza neno. Nikasema "Mu... Mu..." basi.

Yaya Felista alikuwa mbele. Akageuka kuniuliza kitu, akaona mudomo wangu uko wazi na hewa haiingii. Akapiga kelele: "Muzee! Huyu iko nakufa!"

Wakataka kunilaza. Nikakataa kwa mikono yote miwili. Sijui nilijulia wapi, lakini mwili wenyewe ulikataa kulala. Felista akanitoa kwenye moshi wa mashine, akaniweka mbele, nikakaa nimeinama, mikono juu ya magoti, nikawa natoa hewa polepole kama mutu anayepoza chai. Muzee akaamuru mizigo isukumwe kando nipate upepo. Sikuomba maombi marefu. Nilisema tu, "Yesu, Deborah. Yesu, Deborah." Kila pumuzi, jina moja.

Tulifika. Vijana wa pikipiki wakanibeba katikati ya wawili mpaka hospitali.

Wakanivalisha kile kifuniko cha mudomo na pua chenye muvuke wa dawa. Muuguzi, dada mumoja Mubemba, mufupi wa kimo na mwenye sauti laini, akanishika bega: "Mayo, pema panono panono." Yaani mama, pumua polepole. Akawa anarudia hivyo hivyo mpaka mulango wa kifua ukafunguka. Nikalia. Nililia kama mutoto na sikuona aibu.

Nilipopoa akaomba kuona pampu yangu. Akaigeuza geuza.

"Hii wanatumia watu wangapi?"

Nikamujibu kwa kujiamini kabisa: "Sita."

Dada wa watu akavuta kiti, akakaa chini.

Nikamueleza na habari ya beseni. Nilidhani atanisifu. Akaniambia, mama, ndani ya kichupa kuna dawa na kuna gesi ya kuisukuma. Dawa inaweza kuisha gesi ikabaki, na kichupa kikazama bado. Kuzama hakukwambii kitu. Tena maji yanaingia pale inapotokea dawa, yanaiharibu. Wewe hesabu mivuto. Idadi iko imeandikwa kwenye boxi.

Kwenye boxi! Boxi nililotupa siku ya kwanza.

Akauliza ya kahawia iko wapi. Nikasema iko chini ya vitenge. Hapo hakucheka. Akanieleza kwamba hiyo ndiyo dawa yenyewe, inatuliza uvimbe ndani ya njia ya hewa polepole, siku kwa siku. Ya buluu ni ya kuzima moto. Mimi nilikuwa nazima moto kila siku na petroli nimeiacha sebuleni. Akanionyesha pia kupulizia kupitia chupa ya plastiki iliyotobolewa chini ili dawa ifike kifuani badala ya kubaki kwenye ulimi. Na ya kahawia ukimaliza, sukutua mudomo uteme.

Nikarudi nyumbani na pampu mpya na akili mpya. Kumbe kazi ngumu ilikuwa bado.

Siku ya kwanza kwenye matanuru, Yaya Felista, yule yule aliyeniokoa kwenye boti, akakohoa, akanyoosha mukono bila hata kuniangalia. Kama mutu anayeomba chumvi.

Nikasema, "Yaya, hapana. Hii ni yangu peke yangu. Twende kliniki, nitakusindikiza."

Kisu cha mutu kikasimama kwenye samaki.

"Weye," akasema, "nilikubeba mu boti. Leo unaninyima upepo?"

Wakuu, maneno hayo yaliniingia. Nilitamani kuitoa. Lakini nilikumbuka ile nchi kavu nyembamba kama uzi kule mbali, nikaifunga pampu ndani ya kitenge.

Nililipia. Chumvi nikaombwa nitafute yangu. Nafasi kwenye tanuru, "imejaa." Kila asubuhi imejaa! Samaki wangu wa kwanza niliwatupa. Umutani, umutani, mpaka watoto wakajua.

Nikasema sawa. Mimi si mutu wa kufa na njaa kwa kukosa tanuru. Nikahamia kwenye chisense, wale samaki wadogo wa ziwa letu wanaoanikwa juani. Jua halina zamu wala moshi. Nikatandika wavu wangu upande upepo unakotokea, nikafanya biashara. Na nikapuliza kahawia yangu asubuhi na jioni bila kuruka, kila muvuto wa buluu nauchora mustari kwenye karatasi nyuma ya mulango. Baada ya wiki kadhaa sikumbuki lini nilikohoa usiku.

Sasa sikilizeni.

Yaya Felista alikuwa amekaa miezi kadhaa akivuta dawa yangu. Ilipokatika, kifua chake kikaanza kusema ukweli. Mara hawezi kubeba beseni. Mara anasimama njiani akijifanya anafunga kitenge. Siku moja muchana, akipita karibu na wavu wangu, akashika kigingi, akakaa chini. Sauti ile ya kufika katikati ya ziwa haikutoka.

Nilimupa pampu. Sikufikiri mara mbili. Mutu anayekata pumuzi mbele yako si wa kufundishwa, ni wa kuokolewa. Lakini mukono wangu wa pili ulikuwa tayari unaita pikipiki, na safari hii hakunikatalia.

Pumu. Tena ya muda mrefu. Muuguzi akashangaa alikuwa anaishije. Felista akaninyooshea kidole: "Kwa huyu."

Hapo ndipo nilipopata baridi mwilini. Nilikuwa najiona mwema, namusaidia. Kumbe kila nilipompa, nilikuwa namuzuia asiende hospitali. Kila mara alipopata nafuu ya bure, ugonjwa wake ulipata siku nyingine ya kujificha. Ule ukarimu wangu nilioutoa kwa madaha, ungeendelea miezi michache tu, ungemuzika Yaya yangu, na mimi ningekuwa wa kwanza kulia kwenye kilio.

Sasa yeye ana zake mbili, ya buluu na ya kahawia. Kuni mbichi amepiga marufuku, moto unawashwa upande upepo unakokwenda, na hakuna anayebisha maana ni yeye. Nafasi yangu kwenye tanuru ilirudi, ingawa chisense siwaachi tena.

Ushauri wangu ni mufupi. Pumu haikukatazi kuishi. Mimi navuka ziwa, nabeba mizigo, kanisani naimba. Lakini tumia dawa ya kila siku hata kama uko muzima, ukiona ya buluu unaihitaji mara kwa mara rudi kliniki, hesabu mivuto, na beseni liachieni samaki. Ukishindwa kumaliza sentensi, hiyo si ya kusubiri, ni hospitali mbio.

Na pampu haiazimwi kama chumvi.

Wiki iliyopita mama mumoja mugeni pale kwenye matanuru alikohoa kidogo, akamunyooshea mukono Yaya Felista. Yaya akaificha pampu yake kifuani, akapaza ile sauti yake, boti zote zikasikia:

"Kliniki iko pale! Miye ni umutani!"

Kisha akasimama, akamushika mama wa watu mukono, akampeleka mwenyewe.

Karibuni wakuu. Wenye pumu, wenye watoto wenye pumu, na wenye pampu iliyolala chini ya vitenge, semeni hapa bila aibu. Wa matusi nao waje, kifua ninacho.