Robinet Mbili na Masaa Ine na Nusu

Siku ya kwanza ya kazi nilifika mapema sana, mulango ya salle ya kufundishia ilikuwa ingali ya kufungwa. Ilikuwa mu mwezi ya baridi, ile baridi ya asubui yenye inakukamata ku masikio. Moshi ya makala ilikuwa inatembea polepole mu avenue yote, pale Kenya, commune ya muji yetu, hapana ile inchi, na bantu balikuwa banatokea mule ndani moja moja, sawa bantu ya mu ndoto. Muzee moja wa veste ya kijivu alitokea vile vile, na funguo mu mukono.

"Njo weye autodidacte?"

"Njo miye, Préfet."

"Ni nani alikufundisha hesabu?"

"Hakuna mutu. Nilijifundisha miye mwenyewe."

"Ni muzuri. Angalau hakuna mwenye alikupiga."

Alifungua mulango, na kazi ilianza.

Leo badogo bananiitaka muzee wa kazi, na miye niko na miaka makumi mbili na munane. Musicheke! Mu kazi ya préparation, kutayarisha batoto ku examen, mutu anazeeka mbio. Nilifanya miaka munane, nikatoka. Sasa mweye benye munaanza ile kazi mukamate kiti, miye niko naongea.

Autodidacte ni mutu mwenye hakumaliza ku masomo, lakini anajisomea peke yake, kisha anaenda kufanya examen d'État, ile ya serikali ya kumaliza secondaire, na bengine. Njo vile nilipata diplôme yangu. Hakuna masomo, ni kusema école, yenye ilitaka kunipa kalasi nifundishe. Préfet alinipa. Alikuwa mukubwa wa masomo ya secondaire miaka mingi, alienda retraite, kisha alifungua préparation yake mu salle ya kanisa: finalistes, batoto ya mwaka ya mwisho, banakuya pale asubui na mangaribi kufanya mazoezi ya examen. Mutu akimusema mubaya mbele yangu, nilikuwa nakunja mikono ya chemise. Hata pasteur wa ile kanisa nilishaka kumukunjia.

Mazoezi yenyewe ilikuwa ya items. Item ni swali moja na majibu tano chini yake. Kila jibu inaitwa assertion, na moja tu njo ya kweli. Préfet alikuwa na makartasi ya items ya miaka mingi, na corrigé yake, ni kusema liste ya majibu, ya kuandika na mukono yake, bic ya bleu. Miye nasimama mbele nasema, "Item ya kumi na mbili!" Batoto banaimba, "Tatu!" "Ya kumi na tatu!" "Tano!" Jua inapita mu matobo ya bati, vumbi inacheza mule mu mwangaza, sauti zinapanda zinashuka, na miye naona sawa tuko mu mayi, tunaelea shiye bote. Hakuna mwenye alikuwa anauliza "juu ya nini". Ilikuwa tamu, siwezi kudanganya.

Ilifika mupaka mu usingizi. Nalota mama ananiuliza, "Leo tupike nini?" na mu kichwa nasikia ile ugali yetu tu: moja, bukari, mbili, bukari, tatu, bukari, ine, bukari, tano, hakuna jibu ya kweli.

Kisha miaka sita kupita, Préfet alinituma Naviundu, karibu na mutoni, nifungue salle ya pili. Kule njo miye nilikuwa mukubwa. Alinipa makartasi yote, alisema, "Kalasi ni yako sasa. Ufikiri."

Kule njo nilimukuta Ngalula. Mutoto mwanamuke, mufupi, anakaa mbele, kila siku na brouillon, kartasi ya kujaribia, ya kujaa hesabu. Alitaka kuingia Polytechnique, kule université fasi banafundisha baingénieurs, kujenga mapompe ya mayi na barabara. Mama yake alikuwa anauza bitenge, na alikuwa anaambia baclients bote, "Ule wangu atakuwa ingénieur." Ile kichwa ya Ngalula njo ilikuwa matumaini ya nyumba nzima.

Siku moja tulifika ku item ya robinet, ni kusema bomba ya mayi. Robinet moja inajaza citerne, tanki ya mayi, mu masaa sita. Ya pili inaijaza mu masaa tatu. Zote mbili pamoja zitaijaza mu masaa ngapi?

Kijana moja wa nyuma alisema, "Prof, robinet ya fasi gani? Kama ni ya kwetu, wiki mbili!"

Tulicheka bote. Nikaangalia corrigé: ine. Assertion ya ine ilikuwa masaa ine na nusu. Batoto baliimba, "Ine!"

Ngalula alinyosha mukono. "Prof, ni assertion ya moja. Masaa mbili."

"Corrigé inasema ine."

"Lakini Prof, ile robinet ya nguvu, peke yake, inamaliza mu masaa tatu. Ukiiongezea musaidizi, ginsi gani ikawie tena mupaka ine na nusu? Musaidizi anakuya kunywa mayi?"

Kalasi ilipasuka na kicheko. Na miye damu ilipanda. Nilisikia sawa anamucheka Préfet, muzee wangu, mwenye alinipa kazi wakati bengine balinifukuza. Mu hasira, nilitafuta njia ya kufika ku ile jibu, na niliipata: sita na tatu ni kenda, gawanya na mbili, ine na nusu. Nikaiandika ku tableau na herufi kubwa. Formule! Nilitoka kuitunga pale pale.

"Corrigé ya Préfet haikosake," nilisema. "Futa. Andika ine."

Aliniangalia. Kisha alifuta. Polepole, mupaka kartasi ilitoboka.

Examen ilifika, ikapita. Matokeo ilikuya ku telefone, na avenue yote ikakuwa nyeupe. Munajua namuna yetu: mutoto akipita, banamumwangia poudre ku kichwa, ku nguo, fasi yote. Mama Ngalula alikuwa anaruka na boîte ya poudre mu mukono, mupaka mbwa ya jirani ilikuwa nyeupe sawa imepata diplôme. Mule mu wingu ya poudre Ngalula alikuya mbele yangu, kope nyeupe, hacheke.

"Prof, ile swali ilitoka ku examen. Pompe mbili, citerne moja. Ku brouillon nilipata masaa ya kweli. Kisha niliogopa, nikafanya formule yako."

"Lakini ulipita!"

"Nilipita. Polytechnique sitaenda. Sasa nikihesabu kitu, hata bitenge ya mama, naona sawa kuko mutu nyuma yangu mwenye atasema futa."

Nilienda mupaka Kenya kwa Préfet, na ile kartasi ya item ya robinet. Alivaa lunettes ku macho, alisoma, alihesabu na kidole ku meza.

"Ni moja. Masaa mbili. Wakati ya kukopia macho yangu iliruka mustari, hii ine ni ya item ya chini. Hakuna mutoto mwenye aliona?"

"Moja aliona."

"Na ulimuambia nini?"

"Nilimuambia Préfet hakosake."

Alitoa lunettes. "Miye? Mwanangu, miye nakosaka kila siku, uliza bibi yangu. Kama ungenipendaka kweli, ungeniletea ule mutoto hapa aniambie. Ulinipigania, sawa. Ulimupiga nani?"

Ku ile swali hakukuwa majibu tano ya kuchagula. Nilimaliza mwezi, nikamurudishia funguo. Hakunifukuza. Hata leo mutu akimusema mubaya, nakunja mikono. Lakini kwanza nauliza ni juu ya nini.

Sasa natengeneza matelefone. Items inasaidia, sikatae: inakupa diplôme, na bila diplôme hapa kwetu mulango inakupiga ku pua. Lakini niliona batoto benye kuwa na kichwa ya moto, na miye njo nilibamwangia mayi.

Mbele inscription ya Polytechnique, kuandikisha majina, ifungwe, nilienda kwabo Ngalula. Nilikaa mu kiwanja, nikaandika ku kartasi, bila assertion hata moja: maçon moja anajenga ukuta mu siku kumi na mbili, mwingine mu siku sita, pamoja, siku ngapi? Nikamupa. Kisha nilimugeuzia mugongo, nikaanza kupepea mbabula ya makala ya mama yake, juu asisome jibu ku sura yangu.

Makala ilikuwa inalia kidogo kidogo.

"Prof, ni ine?"

"Unaniuliza miye? Miye ni maçon?"

Nilisikia bic inatembea tena. Ikasimama. Ikatembea. Mama yake alitaka kusema kitu, nikamuonyesha na mukono anyamaze.

"Ni siku ine," Ngalula alisema. "Na ukisema hapana, Prof, leo tutabishana mupaka jua ishuke."