Mhakiki Asiyejulikana

Dakta Bang Tae-sik alikuwa ametafiti kuoza kwa mizizi ya jinseng, mmea wa dawa, kwa miaka tisa, jarida moja la sayansi lilipomtumia makala aihakiki kwa siri. Aliposoma aliona kwamba mwandishi, mtafiti msichana aitwaye Ok Mi-ran, alikuwa amelipata jibu alilolitafuta yeye. Alipaswa kuirudisha na kueleza kwamba wanashindania jambo lilelile. Badala yake alidai majaribio zaidi, kisha mengine tena, kwa miezi minane, na katika muda huo akachapisha makala yake mwenyewe.

Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa watafiti mjini Busan, Mi-ran alimkuta mezani wakati wa chakula, akainama kumsalimu.

“Hongera, Dakta. Umenipiga bao,” akasema akicheka. “Mimi mhakiki mmoja alinizungusha mpaka mkataba wangu wa utafiti ukaisha. Sasa nafundisha watoto hesabu. Nimekuja kuwaaga wenzangu tu.”

“Pole sana. Hukumjua ni nani?”

“Nitamjuaje? Labda naye alizidiwa na kazi.”

Tae-sik alifungua mdomo amwambie. Akajikuta anaomba kimchi, ile kabichi iliyochachushwa kwa pilipili. Mi-ran akamsogezea bakuli kwa mikono miwili.