Kabati la Mama Cibalonza

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, hapa hapa Kadutu, jua limetoka baada ya mvua ya asubuhi na njia zote za mlimani zimekuwa utelezi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilikuwa nimekaa kitandani, gita la besi mapajani, viatu vya misa bado miguuni, nikiisikia kwaya yangu inaimba ng'ambo ya bonde bila mimi. Siku ile nilifanya kosa ambalo nimelibeba mpaka leo, na mgongo wangu, kama unavyouona, umeshachoka kubeba. Kaa, nikusimulie.

Nimesikia unaanza besi. Vizuri. Vidole vitakuuma wiki kadhaa, halafu vitaota sugu, na ukiacha kupiga sugu inaondoka na maumivu yanarudi upya. Nyuzi zikizeeka usizitupe, zichemshe, zitapata sauti tena. Ila tafuta sufuria yako mwenyewe. Mimi nilizichemsha kwenye sufuria ya bugali, na marehemu mke wangu, Mungu amrehemu, alininunia siku mbili. Tena gita la besi ni zito, na Bukavu hii wapi kuna njia isiyopanda? Lakini shida kubwa kuliko zote ni kwamba besi bila umeme haisemi. Mpiga ngoma anaweza kupiga hata bidoni ya maji. Sisi umeme ukikatika tunabaki tumeshika ubao wenye nyuzi nne. Na jinsi umeme wa huku unavyokatika, hilo sina haja ya kukufundisha.

Dawa yake nilionyeshwa na mama wa rafiki yangu Deo.

Deo alikuwa mpiga ngoma wa kwaya yetu, na mimi besi. Ukipiga besi utaelewa: waimbaji unawapenda, mpiga gita la solo unamvumilia, lakini mpiga ngoma ndiye ndugu yako. Mguu wake ukishuka na kidole changu kinashuka. Tulikuwa hatuangaliani hata. Mimi nilitoka Kalehe kujifunza kushona, nikapanga chumba kimoja cha mbao, sina mama hapa mjini, sina dada. Deo akanichukua kwao, nikawa nakula kwao karibu kila siku.

Mama yake, Mama Cibalonza, alikuwa mjane, muuza mboga sokoni, mwanamke mfupi wa maneno machache. Chumbani kwake mlikuwa na kabati moja kubwa la mti mzito, la marehemu mume wake, limejaa vitenge na vikombe vya bati. Siku moja umeme umekatika, nalalamika pale sebuleni kwamba nitafanyaje mazoezi, akaniambia, "Egamisha gita yako ku kabati, tuone." Nikacheka. Lakini mgeni habishi, nikaegemeza kichwa cha gita kwenye mlango wa kabati, nikavuta uzi mnene. Mwanangu! Kabati lote lilinguruma. Vikombe ndani vililia vyote pamoja. Mama Cibalonza akaweka mkono wake juu ya ubao, akauacha pale, akatabasamu kidogo.

"Unaona," akasema. "Iko na sauti. Ilikuwa inangojea tu mutu."

Toka siku ile likawa kabati langu. Umeme ukikatika napanda kwao, na yeye anafungua mlango bila kuuliza. "Ingia, mutoto. Kabati iko nakungojea." Anakaa kitandani kwake anachambua majani ya sombe, mimi naegemeza gita, Deo anapiga vidole kwenye kiti. Nikigusa noti ya chini kabisa anasema, "Hiyo inaamusha vikombe yangu." Nilijifunza nyimbo zote za misa hivyo. Mtu akiniuliza besi nimesomea wapi, najibu chumbani kwa Mama Cibalonza.

Basi, akafa. Homa ya siku nne, Alhamisi akatutoka. Walimzika Jumamosi, nami siku ile nilikuwa na magauni ya harusi ya kumaliza kwenye cherehani ya bosi wangu. Nikajiambia, kesho nitakwenda na kwaya yote, nitampigia vizuri, ndiyo heshima yenyewe.

Jumapili baada ya misa ya pili kwaya ikakusanyika mbele ya parokia iende kuimba kwenye kilio, nyumbani kwa wafiwa. Habari ikafika kwamba kwa akina Deo umeme haupo tangu alfajiri. Mkubwa wa kwaya yetu alikuwa Papa Anselme, mwalimu mstaafu, mtu wa kutembea polepole na mwavuli. Akatuambia twende hivyo hivyo, tutaimba kwa mdomo. Mimi nikabaki nyuma.

"Weye haukuye na sisi?" akaniuliza.

"Papa, bila courant besi ni ubao tu. Ninaenda kufanya nini?"

Akasimama. Akaniangalia mpaka nikaangalia viatu vyangu.

"Ku kilio batu banaenda kufanya nini, mutoto wangu?"

Aliondoka na mwavuli wake, nami nikateremka kwangu. Hilo ndilo karipio lote nililopewa, na lilimtosha mtu mwenye masikio. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu halikuvunjika. Kilichovunjika kilikuwa kingine.

Nikuambie kweli, kwa nini nikudanganye na uzee huu? Haikuwa umeme. Niliona haya. Sauti yangu ni mbaya, unaisikia, ni ya mlango wenye kutu. Nikiwa na besi mimi nilikuwa mtu, watu wananijua, "yule wa besi." Bila besi nilikuwa kijana mmoja wa Kalehe amesimama na mikono mitupu, naye angelia mbele za watu, maana yule mama nilimpenda kama mama yangu. Niliogopa kulia. Ndiyo hiyo.

Nikakaa kitandani na gita. Na wewe unaijua milima yetu, sauti inavuka bonde kama mtu anakuitia dirishani. Nikawasikia wanaanza. Sauti za wanawake, halafu za wanaume, na chini yake hakuna kitu. Wimbo ulikuwa ule wa matoleo alioupenda Mama Cibalonza, ambao niliujifunza kwenye kabati lake. Nilipiga noti zangu pale kitandani, mimi peke yangu, gita halisikiki hata mlangoni. Niliwahi kuwa mpweke mara nyingi baada ya hapo, lakini upweke wa siku ile niliutafuta mwenyewe.

Nilikwenda baada ya wiki. Nilimkuta Deo nje anaosha ngoma yake. Sikuiona sura yake imekasirika, heri ingekasirika. Nikaanza maneno yangu: pole sana ndugu yangu, unajua siku ile umeme, unajua besi.

Akaendelea kusugua. Halafu akasema, polepole, "Courant haikukuwa. Kabati ilikuwa."

Mwanangu, sikuwa nimelifikiria kabati. Naapa. Siku nzima ile sikulikumbuka. Lilikuwa pale chumbani, na yeye Deo alikuwa amekaa karibu nalo, anangoja nifike niegemeze gita, kabati la mama yake lilie mara ya mwisho. Ningesema nisamehe. Neno moja tu, halina gharama, na sikulisema. Niliaga nikaondoka.

Miezi michache baadaye Deo alihamia Katana, kwa ndugu za baba yake, akalime na kufundisha watoto ngoma. Siku ya kuhama wanaume sita walilibeba lile kabati kuteremka ngazi za udongo, milango imefungwa kamba, wanapiga kelele "polepole! polepole!" Walipita mbele ya karakana yetu kabisa. Nilikuwa na mguu kwenye cherehani. Wa saba angehitajika, niliona jinsi walivyoyumba. Sikuinuka. Deo alikuwa nyuma amebeba ngoma, akaangalia ndani, akaniona, akapita.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katana si Ulaya. Unatoka hapa asubuhi, mchana umefika. Lakini mwaka wa kwanza nilisema nitakwenda Krismasi. Mwaka wa pili niliona haya ya mwaka wa kwanza. Halafu nikaoa, watoto wakaja, vita vikaja, barabara zikaharibika, na kila mwaka haya iliongezeka uzito. Wanasema milima haikutani lakini binadamu hukutana. Mimi nilikaa kama mlima.

Mke wangu amekufa, unajua. Watoto wako mbali, wananipigia simu Jumapili. Jikoni bugali ya mtu mmoja haipikiki vizuri, ama inakuwa nyingi ama inaungua. Besi bado ninayo. Umeme ukikatika naiegemeza kwenye kabati langu, la mbao nyepesi za siku hizi, linatetemeka tu bila kusema chochote.

Mwaka jana ujumbe ukaingia kwenye simu, kutoka kwa wazee wenzangu wa kwaya ya zamani waliobaki. "Deo wa ngoma ametutoka. Kilio kiko Katana." Nilisoma mara tatu. Halafu nikachukua gita, nikalifunga kwa kitenge cha marehemu mke wangu, nikapanda pikipiki mpaka kituo cha magari. Kwenye gari kijana mmoja akanitania, "Muzee, unaenda kupiga bal, kuchezesha batu? Kule courant haiko leo."

"Najua," nikamwambia.

Nilifika watu wamekaa chini ya hema. Hakuna aliyenijua. Binti mkubwa wa Deo, jina lake Nsimire, akanipokea kwa heshima, akaona uzee wangu, akaniingiza ndani nisikae juani. Nikamwambia mimi nilikuwa rafiki wa baba yake zamani sana, Kadutu, tulipiga pamoja. Nikainua macho. Mwanangu, lilikuwa pale ukutani. Mlango mmoja umebadilishwa bawaba, pembeni limechunika, ni lile lile.

"Mama, nipe ruhusa," nikamwambia. "Nataka kumpigia baba yako."

"Lakini papa, hii gita itasikika namna gani? Courant haiko."

Niliegemeza kichwa cha gita kwenye ule ubao. Vidole vyangu vimekuwa vizito siku hizi, nilianza vibaya, nikaanza tena. Halafu kabati likanguruma, na ndani vikombe vikalia. Niliupiga ule wimbo wa matoleo, mwanzo mpaka mwisho, na machozi yananitoka bila kificho. Nilikuwa nimeogopa kulia miaka yote hiyo, kumbe ni kulia tu, mtu hafi. Watu wakaja mlangoni. Nsimire akaja karibu, akaweka mkono wake juu ya ubao, pale pale alipouweka bibi yake.

"Kumbe ilikuwa kweli," akasema. "Papa alikuwaka anatuambia hii kabati iliimbaka. Miaka yote. Sisi tulikuwa tunamucheka."

Yaani Deo alikuwa akinisimulia. Alinikasirikia, au hakunikasirikia, sitajua sasa, lakini alikuwa akiwaambia watoto wake kwamba kabati liliimba, nao wanamcheka, na mimi ndiye shahidi pekee niliyebaki duniani, nimekaa Kadutu naona haya. Ningekuja mara moja tu, wangemwamini baba yao.

Na katikati ya wimbo, nilipomaliza ubeti wa kwanza, nilikuwa nimengoja. Mazoea ya zamani. Mwisho wa ubeti ule Deo alikuwa anapiga mara mbili, ndipo naingia. Nilingoja na kidole juu ya uzi. Hakukuwa na kitu. Ikabidi niingie peke yangu.

Sasa nasaha zangu ni hizi, na uzishike hata kama besi utaiacha. Ukiitwa kwenye kilio usiulize kama umeme upo. Usiulize utafanya nini, utasikika vipi, utasimama wapi. Nenda. Ukikosa chombo, nenda na mikono. Mikono ikikosa kazi, itashika mkono wa mtu. Na ukichelewa siku moja, nenda siku ya pili, ukaseme neno moja la nisamehe kabla haya haijaota sugu, maana sugu ya haya hailindi kidole, inakukatia tu watu. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu, mwanangu, ndiye ninayekaa naye nyumbani jioni.

Haya, chukua gita lako, kumeshakuwa na mawingu na njia itateleza. Mungu wa baba zetu akuimarishe vidole na akulainishie moyo. Akupe mama wa kukufungulia mlango bila kukuuliza, na kabati la kuegemea siku umeme utakapokatika. Akupe na mpiga ngoma wako. Nawe usimngojeshe.