Mlango wa Karibu

Sisi tuliokulia mtaa wa Hewa Bora kabla viwanja havijazungushiwa kuta, tulilia ovyo na tulibembelezwa na yeyote. Ukianguka kwenye nzango, mchezo wetu wa kuruka na kurushiana miguu, magoti yakajaa vumbi jekundu, ulikimbilia mlango wa karibu. Huko ulioshwa, ukagombezwa, ukapewa tonge la bukari, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, halafu ukarudi kucheza. Jirani yetu Ma Fifi alikuwa na mkono mwepesi wa kuchapa, lakini bukari wake niliupenda kuliko wa kwetu. Leo naungama.

Siku moja akaja dada mmoja mtafiti na daftari lake. Alikuwa akizunguka nchi mbalimbali kujua watoto wanajifunza wapi kuogopa, kuona haya na kupenda. Akatuketisha kwenye mkeka, mama yangu akitwanga sombe pembeni. Nilikuwa na miaka saba.

"Ukilia, unakimbilia kwa nani?"

"Kwa Ma Fifi," nikasema. "Ao kwa Kambo, ule mzee wa pale mbele. Ao kwa Mama."

Mchi ukanyamaza. Nilikuwa nimemweka mama yangu nafasi ya tatu, tena mbele ya mgeni! Mtafiti akadhani sikuelewa. Akauliza tena, polepole, mama aliyenizaa ni yupi.

Mama akajibu mwenyewe. "Andika tu vile anasema. Mi naendaka ku soko kila siku. Akingojaka mi tu, atalia mpaka mangaribi."

Akaendelea kutwanga. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote, ingawa sikumwambia.

Leo naishi Ruashi, ukuta mrefu, geti la chuma. Watoto wetu wakikwaruzwa kidole wanataka plasta yenye katuni. Sisi tulitemea mate kidonda, basi. Binti yangu akiulizwa anakimbilia kwa nani akilia, hujibu "Mama" bila kusita, nami huvimba kichwa. Mpaka juzi. Alianguka akitoka shule, nyumbani hakuna mtu. Nilipofika kutoka kazini, damu ilishakauka gotini. Alikuwa amenisubiri mbele ya geti saa mbili nzima, na jirani yuko hatua kumi tu.

"Juu ya nini haukupiga hodi pale?"

"Mama, pale iko nani?"

Nikafungua mdomo nimtajie jina la jirani. Milango ya Hewa Bora naweza kuitaja yote hadi leo. Hapa Ruashi nimekaa miaka sita, na jina la mlango wa karibu sikulijua.