Verla Ashuka Shingo la Chupa

Verla Haws haondoki nyumbani bila kugusa jiko mara tatu. Ya kwanza ni kuhakikisha limezimwa, ya pili ni kuhakikisha hakujidanganya, na ya tatu ni kwa sababu mbili hazijawahi kumtosha. Kwa miaka ishirini na mmoja amepikia watoto wa shule katika mji mdogo wa Eskalante, na hakuna aliyeungua ulimi kwa supu yake, maana huionja kwanza, kisha huionja tena. Mumewe, Dell, huwaambia watu kanisani kwamba mkewe hulala huku jicho moja likiwa zamuni.

Mwaka ule kitindamimba wao, Jolyn, wa miaka kumi na saba, alipata kazi ya kuongoza wageni makorongoni. Karatasi ya ruhusa ilitaka saini ya mzazi.

"Mimi sisaini kitu ambacho mama yako hajakubali," Dell alimwambia binti. "Bado napenda kula humu ndani."

Karatasi ikakaa juu ya friji siku tisa. Jibu lilitakiwa Jumatatu. Ijumaa jioni Verla akaishusha, akaisoma, akairudisha.

"Nitashuka mwenyewe kwanza," akasema. "Nikiona kunafaa, nasaini. Nikiona hakufai, hata askofu aje kunibembeleza, sisaini."

Wa kumshusha alikuwepo: Nedra Spendlove, rafiki yake tangu darasa la kwanza, mwanamke mwenye mapaja ya kupanda milima na mdomo usiopumzika. Amekuwa akishuka makorongo kwa miaka ishirini na mitatu. Jumamosi asubuhi alikuja na gari lake limejaa kamba.

"Umesikiliza hali ya hewa?" akauliza.

"Mara mbili. Halafu nikampigia binamu yangu kule mlimani atoke nje aangalie kwa macho yake. Akaniambia kuna wingu moja. Nikamwambia asiliache mpaka liondoke."

"Maskini wa watu. Likaondoka?"

"Saa kumi na mbili na dakika kumi."

Nedra alitikisa kichwa, lakini hakumcheka. Kwao kila mtu anajua kwamba mvua ikinyesha mlimani, maji hukufuata korongoni huku jua likiwaka juu ya kichwa chako.

Korongo liitwalo Shingo la Chupa linaanza kama mfereji ambao ng'ombe angeuruka. Hatua mia mbele, kuta zimepanda juu, nyekundu huku na nyekundu huku, na mbingu imebaki utepe. Walitembea upandeupande kama kaa. Mahali pamoja kiuno cha Nedra kilikwama.

"Hizo ni keki za mkutano wa kina mama," Verla akasema nyuma yake.

"Keki alizopika nani? Nisukume, shoga."

Verla akasukuma. Nedra akachomoka kama kizibo, akaangukia kwenye dimbwi la maji ya kifuani, baridi ya kukata pumzi. Verla alipoingia alipiga kelele ambayo kuta zilimrudishia mara nne, kisha akajikuta anacheka, na kicheko nacho kikarudi. Alikuwa hajacheka hivyo tangu karatasi ile ipande juu ya friji.

Ndipo wakafika kwenye poromoko. Mwamba ulikatika ghafla, kimo cha nyumba ya ghorofa tatu, na kando yake palikuwa na pete ya chuma iliyofungwa mwambani kwa mnyororo.

"Nieleze," Verla akasema.

"Kamba inapita ndani ya pete. Upande mmoja nafunga fundo kubwa lisiloweza kupita. Unashukia upande usio na fundo, kwa hiyo uzito wako unalikaza fundo kwenye pete. Tukifika chini wote tunavuta upande wenye fundo, kamba yote inatufuata. Ikishavutwa, hakuna kurudi juu."

"Rudia."

Nedra akarudia. Kisha akaanza kujifunga, kwa kuwa yeye ndiye angetangulia ili aishike kamba ya mwenzake kutoka chini. Mikono ilifanya kazi yenyewe, na mdomo ukawa unasimulia kisa cha mwongoza kwaya wa kanisani aliyesinzia katikati ya wimbo. Alifika kwenye ukingo, akageuka kuupa mgongo uwazi, akaanza kuegemea.

"Nedra," Verla akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwambia mtoto aweke sahani chini. "Simama. Fundo liko upande wako."

Nedra alitazama kamba iliyokuwa kiunoni. Akaifuata kwa macho mpaka kwenye pete. Akapiga hatua mbili mbele, akakaa chini.

Akaivuta kamba upande wake; ikateleza kwenye pete bila kuzuiwa na kitu, na angeegemea angeanguka nayo.

"Miaka ishirini na mitatu," akasema.

"Ulikuwa unaongea."

"Siku zote naongea."

"Najua. Ndiyo maana nilikuwa natazama mikono."

Nedra akamshika mkono, akaukaza. Kisha akafungua kila kitu na kuanza upya, safari hii wakitaja kwa sauti kila walichogusa. Alishuka salama. Verla akafuata, akiitazama pete mpaka katikati, na kuanzia hapo akataka poromoko liongezeke kidogo.

Jolyn alikuwa jikoni waliporudi, anajifanya kuosha vyombo. Verla aliketi na nywele zake zenye mchanga.

"Kamba ina pande mbili," akasema. "Unashukia upi?"

"Usio na fundo. Natazama pete, najining'iniza kidogo kabla sijafika ukingoni, natazama tena."

"Mara ngapi?"

Binti akainamisha kichwa. "Tatu. Wenzangu kazini wananicheka, Mama. Wanasema nachelewesha watu."

Verla akakung'uta mchanga nywelani. Akainuka, akachukua karatasi juu ya friji, akasaini. Akaikagua saini yake, akaikagua tena, akamkabidhi.

"Wacha wacheke," akasema. "Wewe wacheleweshe."

Dell akachungulia kutoka sebuleni. "Kwa hiyo kuanzia sasa tutalala?"

"Wewe lala," Verla akamjibu, akanyoosha mkono kugusa jiko.