Doa Kwenye Jua la Nkambo

Nkambo, yaani baba wa baba yangu, ananiita bibi yake. Kwetu Likasi ndivyo ilivyo: mjukuu wa kike ni mke wa babu, na mke ana ruhusa ya kumcheka mumewe mbele ya watu. Baba nikimtania napigwa. Nkambo nikimtania ananirudishia utani mtamu kuliko wangu. Ruhusa hiyo nimeitumia tangu niote meno, na mwaka juzi nikaitumia vibaya.

Zamani Nkambo alikuwa mtu wa redio kwenye machimbo ya Kambove. Kampuni ilipoacha kulipa watu, aliweka foni nyumbani, ile redio ya kuzungumza na miji ya mbali, maana simu zilikuwa zimekufa na barua zilizeekea njiani. Betri tulichaji siku bwawa la Mwadingusha lilipotukumbuka kwa umeme. Lakini foni ina bwana mmoja asiyepokea hongo: jua. Likiota madoa linaweza kulipuka, na mlipuko ukitufikia, mawimbi ya redio yanamezwa mchana kweupe. Unaita Kasai, unajibiwa na karanga zinazokaangwa.

Kwa hiyo kila asubuhi Nkambo alitoka uani na nusu ya darubini iliyovunjika. Hakuchungulia ndani yake, angepofuka. Aliielekeza juani, jua likaangukia karatasi, dogo kama kisahani, naye akalichora pamoja na madoa yake katika daftari langu la zamani la hesabu. Kisha akaandika mlangoni kwa chaki: JUA MUZURI, au JUA MUBAYA. Majirani walokole walisema anasali kwa jua. Mtaani kwetu manabii wawili walikuwa wametabiri mwisho wa dunia. Nkambo alitabiri saa mbili za kimya tu, na ndiye aliyechekwa.

Mama hakuwa na cha kucheka. Ndugu zake, watu wa Kasai, walikuwa wamefukuzwa mjini, wakapakiwa kwenye treni na kurudishwa kwao, huko kwao ambako dada yake mkubwa hakuwahi kukanyaga; Mama alibaki kwa kuwa ameolewa kwetu. Miezi ikapita bila habari. Halafu mchuuzi mmoja akaleta neno: Alhamisi, jua likiwa utosini, Mama Mukubwa, dada huyo, atakuwa kwenye foni ya Mwene-Ditu, huko Kasai.

Jumatatu yake nilibandika punje ya masizi ya sufuria kwenye kioo cha darubini. Nilitaka tu kumwona Nkambo akishtuka. Alishtuka vizuri. Alichora doa nene kama kunguni aliyeshiba, akakuna kichwa, akamwambia Mama, "Mama, Alhamisi muchana sioni kama tutamupata. Jua iko na kitu."

Mama aliingia jikoni. Alisonga bukari, ugali wetu, mpaka ikawa ngumu kama tofali, nasi tukaila hivyo hivyo. Usiku ule sikumtania mtu.

Kesho yake asubuhi nilimfuata Nkambo uani.

"Nkambo, ile doa ni minye niliibandika."

"Najua, bibi."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Nilizungusha darubini, doa ikazunguka nayo. Doa ya jua inatembea pole pole, kila siku kidogo. Yako ilikaa pale pale sawa directeur wa kampuni kwenye kiti."

"Na uliniacha nilale na mashaka?"

"Bibi mwenye kudanganya analala na mashaka. Hiyo njo dawa yake."

"Basi ambia Mama Alhamisi iko muzuri."

Hapo aliacha kucheka. Alifungua kurasa za mwezi uliopita: madoa matatu yaliyoandamana kama vifaranga, yakavuka uso wa jua hadi ukingoni, yakatoweka.

"Jua inajizungusha," alisema. "Muzunguko moja inaweka karibu siku makumi mbili na saba. Hawa bamerudia."

Kweli, pembeni mwa jua alilochora Jumatatu, ng'ambo ya doa langu la masizi, vifaranga vilikuwa vinachungulia.

"Muchana bataweza kutuharibia," alisema. "Asubuhi, jua haiyapanda, labda tutapita. Nimeomba mwenzangu wa Mwene-Ditu amuambie Mama Mukubwa akuje mapema. Nangojea jibu. Mama yako sitamupa matumaini ya nusu."

Jibu lilikuja Jumatano: atakuja alfajiri. Alhamisi alfajiri Mama alivaa vitenge vya kanisani, kana kwamba redio ina macho. Foni haina siri: foleni nzima ya wateja inakusikiliza, na ukimaliza kusema lazima useme "à vous", ili mwenzako ajue zamu ni yake. Mama alikuwa ameandaa maneno tangu treni iondoke. Aliposikia sauti ya dada yake, anayemwita Yaya, yote yalimpotea.

"Yaya, umekula? À vous."

"Nimekula. Weye, sauti yako imekonda. À vous."

Foleni ikacheka, na mwanamke wa tatu akamwazima Mama leso.

Saa sita mchana Nkambo alikaa mbele ya redio akiusubiri ule mlipuko wake. Sauti zikaja safi kuliko siku zote.

"Papa wa jua," mtu mmoja akamwuliza, "mbona foni inasema?"

Nkambo akanitazama mimi. "Labda jua nayo iko na mujukuu."

Kisha mwenzake wa Mwene-Ditu akaita: yule mama wa asubuhi bado yuko kwenye benchi, hataki kuondoka. Nilikimbia jikoni. Mama akaja na unga mikononi.

"Yaya, bado hujaenda? À vous."

Karanga kidogo. Halafu ile sauti.

"Niende wapi? À vous."