Matofali ya Ayutthaya

Mtu akisikia kwamba nimefika Thailand, huniuliza habari za nguo. Ana haki, maana nguo ndizo zilizonipeleka. Nauza nguo za watoto hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, na kwa miaka kadhaa nilikwenda Bangkok kununua, pamoja na mama mmoja mwenye meza karibu na yangu sokoni. Amenizidi umri, ndiyo maana namwita Yaya, yaani dada mkubwa. Yeye ndiye aliyenifundisha njia, tangu kuvuka mpaka kwenda Bujumbura hadi kubishana bei na watu ambao hamsikilizani lugha. Lakini nikiwa peke yangu dukani, mvua inanyesha na hakuna mteja, Bangkok hainijii kichwani hata kidogo. Ninaouona ni mji mdogo wa zamani ulio kaskazini yake, Ayutthaya, ambao niliuendea bila mwenzangu na bila biashara yoyote.

Safari ile tulikuwa tumemaliza kununua, na mizigo yetu ikakwama kwa wakala. Akatuambia tungoje wiki inayofuata. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la ofisi yake nikitazama picha iliyotundikwa ukutani: minara ya matofali mekundu, mingine imeinama, nyasi zimeota juu yake, na ukuta mrefu usio na paa. Nikamuuliza karani ni wapi. Akasema ni mji waliokaa wafalme wao, ukachomwa moto vitani zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Treni inafika huko asubuhi moja tu, alisema.

Sikuwaza wafalme wala miungu yao. Nilimuwaza baba.

Baba alikuwa bado hai wakati ule. Alikuwa mwashi, masoni kama tunavyosema kwetu, na nilizaliwa katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake kule Fizi, milimani. Udongo aliuchimba kando ya kijito, akaukanyaga kwa miguu, akaumimina kwenye kibao cha kufyatulia, na sisi watoto tulipanga matofali mabichi juani na kuyafunika majani ya migomba mvua ikitisha. Siku za kuchoma tanuru zilikuwa sikukuu kwetu. Tulizika viazi kwenye majivu, mama anatufukuza, tunarudi. Moshi ule ulikaa kwenye nguo zetu wiki nzima, na darasani mwalimu alijua kwa pua tu kwamba baba yetu ana kazi.

Nyumba ile tuliiacha nikiwa bado mutoto wa shule ya msingi. Vita vilifika, tukashuka mlima kwa miguu hadi ufukweni Lweba, tukapanda mtumbwi wa mashine, tukavuka ziwa kwenda Tanzania. Mama alifia kambini. Tuliporudi, baba hakutaka kupanda tena Fizi. Alijenga hapa Baraka, na hadi uzee wake aliulalamikia udongo wa huku chini. Una mchanga mwingi, alisema; tofali lake linavunjika kama biskuti.

Basi nilirudi hotelini nikamwambia Yaya kwamba kesho nitapanda treni.

"We unaenda kufanya nini kule?" akauliza, bila kuinuka kitandani. "Kule kuko masanamu tu."

"Naenda kuona matofali."

"Matofali!" Sasa akainuka. "Baraka hakuna matofali? Mutoto ya muzee wa kanisa anapanda treni kwenda kuangalia matofali ya bapagani?"

"Twende wote, Yaya."

"Mi? Mi nalala. Ukipotea, nitasema nini kwa baba yako?"

Asubuhi alinisindikiza hadi mlangoni hata hivyo, akanipa mfuko wa ndizi na kuniambia nisile nyama nisiyoijua.

Treni ile ilikuwa na viti vya mbao na madirisha wazi. Wauzaji walipita katikati na vikapu vya wali na kuku wa kuchoma, wakiimba bei zao, na nikajisikia niko nyumbani kuliko nilivyojisikia siku zote Bangkok. Mbele yangu alikaa mama mwenye kuku hai ndani ya boksi. Alinitazama sana, halafu akanitolea tabasamu na kipande cha embe bichi kilichopakwa chumvi na pilipili. Nilikula. Yaya hakukataza matunda.

Kutoka stesheni unavuka mto kwa kivuko kidogo, maana mji wa kale umezungukwa na mito pande zote. Upande wa pili nikakodi baiskeli. Nilikuwa sijapanda baiskeli tangu usichana wangu, na kwenye kona ya kwanza nilikaribia kuingia kwenye meza ya mama anayeuza supu. Aliruka, akacheka, akanisukuma mgongoni kidogo kama mtu anayesukuma mtumbwi majini, nikaendelea.

Halafu nikayaona. Mji mzima ulikuwa wa matofali. Kuta, ngazi, minara mirefu, njia walizopita wafalme, vyote vya matofali membamba na marefu kuliko yetu, yamebanana. Mahali pengine bado palikuwa na chokaa nyeupe iliyoshika kama ngozi kuukuu. Nilishuka kwenye baiskeli nikapitisha kiganja ukutani. Palikuwa pa moto kwa jua. Nikapiga picha za pembe, za mistari, za mahali mzizi ulipopasua ukuta. Watalii wengine walijipiga picha wenyewe mbele ya minara. Mimi nilikuwa naupiga picha ukuta, pua karibu iguse.

Kando ya ukuta mmoja sanamu za Buda zilikaa mstari, karibu zote hazina vichwa. Nilisimama. Ninajua mji uliochomwa unavyoonekana. Nimeona shule isiyo na bati, kanisa lenye madirisha yanayotazama mbingu. Lakini sikujua kwamba mtu anaweza kuyatunza mabaki hayo namna ile, kufyeka nyasi zake, kufagia majani, kuzifunga sanamu zilizovunjika vitambaa vya rangi ya machungwa kifuani, kama mtu anavyomfunika mgonjwa.

Mbele kidogo palikuwa na kichwa cha sanamu kilichoshikwa na mizizi ya mti, uso mtulivu unaochungulia kama mtu aliyejifunika blanketi. Nilitaka kupiga picha. Mlinzi akanipigia filimbi, kisha akashusha mkono mara mbili: kaa chini. Nikaelewa kwamba kichwa changu hakitakiwi kuwa juu ya kile. Nikasita. Nililelewa kanisani, na nilijua kabisa tuliyofundishwa kuhusu kuipigia sanamu magoti. Watu walikuwa wanangoja nyuma yangu. Mwisho nikachuchumaa, vile mwanamke wa kwetu anavyoshuka kidogo anapomsalimu mtu mzima, nikapiga picha moja, nikaondoka haraka kana kwamba baba yuko nyuma ya mti.

Mchana mvua ikaja, mvua kubwa ya ghafla. Niliisukuma baiskeli ndani ya ua wa hekalu lililo hai, lenye paa na watawa, nikajificha kwenye banda. Palikuwa na waashi wanne wamejikinga vilevile, watatu wanaume na mwanamke mmoja mwenye kofia pana na nguo za mikono mirefu, labda umri wangu. Walikuwa wanajenga ukuta mpya wa ua. Tulisalimiana kwa viganja vilivyoshikana, kisha tukabaki tunaitazama mvua.

Nikatoa simu yenye kutafsiri. Kiswahili changu iliking'ang'ania bila kuelewa, kwa hiyo nikasema kwa Kifaransa kwamba baba yangu ni mwashi. Simu ikasema jambo. Wote wakacheka hadi mmoja akashika tumbo, na mpaka leo sijui ilisema nini. Nikaacha simu. Nikaonyesha ukuta, nikaonyesha mbali sana, kule iliko Afrika, nikashika ndevu ambazo sina, nikafanya mikono kama anayepaka udongo na kugonga tofali. Yule mwanamke akafungua mdomo: "Oooh!" Akawaeleza wenzake. Tangu hapo sikuwa mtalii tena.

Mvua ilipokatika, akanivuta mkono hadi ukutani. Palikuwa na rundo la matofali mapya yaliyotolewa bandani, na wanakijiji wawili watatu waliokuja kuweka kila mmoja lake, kisha wakaunganisha viganja na kuinamisha vichwa. Nilielewa kwamba kwao ni baraka kuongeza tofali kwenye nyumba ya ibada. Mwanamke yule akanitolea mwiko.

Nilikaa nao mkononi. Niliwaza kichwa kile kwenye mizizi, nikawaza wazee wa kanisa letu, nikamwaza baba amevaa koti lake la Jumapili. Lakini mwiko wenyewe ulikuwa na mpini wa mbao uliolainishwa na jasho, kama wa baba, na mkono wangu ulijua la kufanya kabla sijamaliza kuwaza. Nikachagua tofali. Lilikuwa kavu, lilikuwa limekaa ndani ya banda. Nikalitumbukiza kwenye ndoo ya maji, kama afanyavyo baba, nikangoja mapovu yaishe, nikapaka udongo wa simenti, nikaliweka, nikaligonga na mpini mara moja upande huu, mara moja upande ule, nikakwangua kilichozidi.

Waashi walipiga makofi. Mwanamke yule hakupiga. Aliinama, akafunga jicho moja kutazama mstari, halafu akalisogeza tofali langu kwa kidole gumba, kiasi cha unene wa ukucha. Ndipo akatikisa kichwa kukubali. Nilimpenda kwa hilo.

Alinipeleka kula kwake, nyumba ya mbao kando ya mto, akanipikia samaki wadogo wakavu waliokaangwa. Nilipowaona nilicheka mwenyewe, kwa sababu walikuwa kama ndagala, dagaa wa ziwa letu. Nikamwonyesha kwenye simu video ya ufukwe wetu, ndagala wameanikwa mchangani na bamama wanafukuza kunguru. Aliirudia video ile tena na tena. Wali wake ulinata, pilipili yake iliniliza, na samaki wale walinirudisha Fizi, jikoni kwa mama, siku ambazo wanawake wa Lweba walipandisha vikapu mlimani na nyumba yote ikanuka ziwa. Machozi yalinitoka. Alidhani ni pilipili, akanimiminia maji.

Usiku ule nililala kwake; kesho yake nilirudi Bangkok, na Yaya akanikagua kama mama anayekagua mtoto aliyetoka kuogelea. Mizigo ikapita, nasi tukarudi nyumbani.

Baba nilimwonyesha picha siku ya pili baada ya kufika. Aliishika simu mbali na macho, halafu karibu, akajifunza kukuza picha kwa vidole viwili, na hakuitoa tena mkononi. Aliipita minara na njia za wafalme. Alitaka pembe.

"Hii ni chokaa," akasema. "Angalia. Hii haina simenti. Na tofali yao ni nyembamba ili ive mpaka ndani."

Nikamweleza kila kitu, nikabakiza tofali nililoliweka mimi. Nililibakiza hadi jioni, tulipokuwa tunakula, kisha nikaona nikilala nalo sitalisema tena.

"Baba, kule niliweka tofali moja kwenye ukuta ya hekalu yao."

Akaacha kutafuna. Nje pikipiki zilipita, moja, nyingine.

"Hekalu ya masanamu?"

"Ndiyo, baba."

"Weye mwenyewe, na mukono yako?"

"Ndiyo."

Akavuta bakuli la sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, akajipakulia. Halafu akauliza, "Ulilowesha tofali kwanza?"

"Nililowesha."

"Eh." Akaendelea kula. Baadaye akasema, kama anayezungumza na sahani, "Bale bantu, kisha vita, barirudi?"

Nikamwambia wafalme hawakurudi, walijenga mji mwingine kule mto unakoteremkia, lakini watu wa kawaida walirudi, na leo wanakaa katikati ya mabaki yale, wanauza supu, wanapeleka watoto shuleni.

Akanawa mikono. Wiki ile ile, yeye aliyekataa miaka yote, aliniambia nitafute pikipiki ya kutupandisha Fizi.

Tulikwenda watatu juu ya pikipiki moja, dereva wake, motari, mbele, baba katikati, mimi nyuma nimemshika kiuno. Alikuwa amekonda kuliko nilivyojua. Kiwanja chetu kilikuwa shamba la mahindi. Mama mmoja alikuwa analima, na alipotuona alisimama na jembe, macho yake yana wasiwasi. Baba akavua kofia.

"Usiogope, mama. Mi nilikuwa nakaa hapa zamani. Nakuja kuangalia tu."

"Unataka kukamata shamba yako, baba?"

"Hapana. Lima."

Akatembea kati ya mahindi, anakanyaga polepole, mpaka mguu wake ukagota kwenye msingi. Aliufuata. Hapa mlango, alisema. Hapa mama yenu aliweka mitungi. Hapa weye ulizaliwa, mvua ilikuwa kali, na mukunga alichelewa. Yule mama alituacha tuzunguke, kisha akaweka jembe chini akaanza kufuata na yeye, anauliza dirisha lilikuwa wapi, anacheka baba alipomwambia kwamba pilipili zake zimeota chumbani kwa wavulana. Tulipoaga alitupa mahindi ya kuchemsha, yamefungwa kwenye majani.

Tukishuka, kwenye kona ambapo ziwa linaonekana lote, baba akamgonga motari begani asimame. Tulikaa kwenye majani kando ya barabara tukala. Akaanza kueleza jinsi alivyokwenda Lweba akiwa kijana, kujengea mtu nyumba, na msichana wa jirani akawa anamletea maji ya kuchanganya udongo, mengi kuliko yaliyotakiwa. Msichana huyo ndiye aliyekuja kuwa mama yetu. Motari alizima mashine, akaja kukaa karibu, akaomba hindi moja.